Nani Anashuhudia Kwamba Baba Yuko Hai

Baba yangu alikuwa na desturi ya kuamka mapema, kunawa uso kwa mkono wa kuume, maana wa kushoto ulikataa kazi tangu alipopata kiharusi, kisha kukaa kwenye kiti cha plastiki barazani kwetu Cimpunda, hapa Bukavu, na kuilaumu chai yangu. Haikumfaa hata siku moja. Mtu aliyesimamia vikaushio vya kiwanda cha chai sehemu kubwa ya maisha yake hanywi majani ya pakiti bila kumtukana aliyeyakausha. Naanza na hayo ili ieleweke kwamba mwaka ule mji wetu ulipochukuliwa, baba alikuwa hai, tena hai wa kuchosha watu. Serikali tatu zilishindwa kulikubali jambo hilo, na mimi nikilikumbuka mpaka leo nabaki kinywa wazi.

Kampuni iliyomwajiri ilikuwa ya wageni, yenye mashamba ya chai na kwinini kuanzia upande wa kijiji cha Miti. Ilifunga zamani, nikiwa bado shuleni, na mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wake ukabaki kwao Ulaya chini ya wizara moja. Pesa kidogo ilikuwa inakuja kupitia benki ya mjini, na ilitosha dawa za presha za baba na chumvi ya nyumba, basi. Hatukuwa na sababu ya kuufikiria mfuko huo. Ulikuwa mbali, ulikuwa unaleta, maisha yanaendelea.

Kisha wenye bunduki wakaingia. Sitaisimulia siku hiyo. Wapo walioisimulia vizuri kuliko mimi, na wapo ambao hawataweza kamwe. Benki zilifungwa. Walioshika mji waliweka meya wao, wakuu wao wa komini, zile ofisi za serikali za mitaa, na mihuri yao. Mimi nilikuwa mfasiri kwenye mashirika ya misaada. Mashirika yakafunga milango, nikabaki nyumbani na Kifaransa changu chote, sina wa kumtafsiria isipokuwa redio.

Mfuko ule ulikuwa na sheria moja ngumu. Kila mwaka mstaafu alitakiwa kuthibitisha kwamba bado yuko hai, kwa cheti cha komini chenye muhuri. Asiyethibitisha kabla mwaka haujaisha huandikwa kuwa amekufa, na akishaandikwa hivyo, kumfufua ni kazi ya mahakama. Miaka yote baba alikuwa anateremka komini, anamsalimia karani, anagongewa muhuri, anarudi. Sasa komini ilikuwa mikononi mwa wale, na hapo ndipo uhai wa baba ulipogeuka kuwa jambo la mataifa.

Mji mkuu ulisema muhuri wowote uliogongwa mjini kwetu tangu siku ile ni mpira na wino tu, na nchi itakayoupokea itakuwa imewatambua waasi. Afadhali mfuko mzima uletwe kwao, wao ndio wagawe. Walioshika mji wakasema pesa ya watu wa eneo lao lazima ipitie kwenye hazina yao mpya. Nchi yenye mfuko ikasema haitampa yeyote kati ya hao wawili. Itamlipa mzee mwenyewe, moja kwa moja kwenye simu yake, mradi tu ithibitishwe na mamlaka inayotambulika kwamba yuko hai. Mamlaka inayotambulika ilikuwa imehamia kusini, na barabara ya kwenda huko ilikuwa imekatwa.

Nilimweleza baba hayo yote polepole. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mi niko hapa," akasema. "Bakuje baniguse."

"Papa, hawaombi kukugusa. Wanaomba kashe, muhuri."

"Kashe njo inapumuaka?"

Nikaenda kuchemsha maji.

Wastaafu waliobaki walikuwa wanakutana uani kwetu. Walikuwa wachache, wazee wa makoti na kofia, na kila mkutano ulianza kwa sala ambayo peke yake ilikuwa inamaliza robo ya asubuhi. Walinifanya katibu wao kwa sababu mbili: najua kuandika Kifaransa cha ofisini, na viti vilikuwa vya kwetu. Aliyekuwa karibu zaidi na baba ni mzee mmoja mrefu wa Nyangezi, aliyekuwa mpima mizani, yule anayesimama mwisho wa shamba na kupima magunia ya wachumaji. Nilimwita tonton, mjomba kwa Kifaransa, tangu utoto. Alikuwa anakuja kwa pikipiki na kichane cha ndizi mapajani, na yeye na baba walibishana kuhusu kila kitu, kuanzia siasa hadi kama mwaka fulani mvua ilichelewa. Nyumbani alikuwa anamwacha mke wake, mama mfupi asiye na maneno mengi, ambaye kila tukienda kwao alitulisha kwanza ndipo akatuuliza habari.

Ofisi ya mfuko iliniandikia kwa barua pepe kwamba, wakati mazungumzo yakiendelea, kila mstaafu atume picha ya karibuni. Hapo wazee wetu walifanya kosa ambalo nadhani lisingefanyika mahali pengine popote. Nilitaka kuwapiga picha kwa simu yangu palepale barazani. Walikataa katakata. Picha ya kwenda Ulaya haipigwi mtu akiwa na kandambili. Wakavaa suti, wakateremka wote kwa pamoja hadi studio moja huku Kadutu, wakapanga foleni.

Mpiga picha alipowaona wazee waliovaa suti hakuuliza kitu. Kwetu mzee huenda studio na suti kwa jambo moja: picha itakayosimama mbele ya jeneza lake, itakayochapwa kwenye fulana za wajukuu siku ya kilio. Wengi huiandaa mapema, wala si aibu. Ni kama mtu anayeweka sanda yake sandukuni. Basi yule bwana akawatengeneza kama alivyozoea. Mawingu nyuma, njiwa mweupe juu ya bega, mwanga kuzunguka kichwa, msalaba mdogo pembeni. Wazee walipoziona walifurahi sana. Baba alisema hajawahi kupendeza hivyo tangu siku ya harusi. Tonton aliomba tu njiwa wake asogezwe kidogo, asifunike kola.

Nami nikazituma. Niliziangalia moja moja, nikaziona nzuri, nikazituma. Mimi pia ni mtoto wa Bukavu.

Jibu lilikuja kwa Kifaransa chenye adabu nyingi. Ofisi ilitoa rambirambi zake kwa jamii yote ya wastaafu, na ikaomba tarehe ya kifo cha kila mmoja.

Nilisoma mara mbili kabla sijawatafsiria. Wazee waliegemea fimbo zao. Kisha tonton akaanza kucheka, akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Kumbe tulikufaka wote siku moja? Na nani alituzika?"

Baba hakucheka. Kiharusi kilimwachia nusu ya uso ambayo haikucheka kwa urahisi, na hiyo nusu nyingine siku hiyo ilikasirika.

"Mama, andika," aliniambia. Ananiita mama, kama baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao. "Baambie ile ndege ni ya mutu wa studio. Haiko ya Mungu."

Niliandika hivyo, kwa maneno ya heshima zaidi. Ilichukua barua nyingi kuwafufua wazee wangu, na nadhani ni kosa hilo la njiwa ndilo lililoipandisha habari yetu ngazi, maana ofisi ilipaswa kuwaeleza wakubwa wake kwa nini kundi zima limekufa na kufufuka katika wiki moja. Barua zilitoka kwenye ofisi ya mfuko zikaenda wizarani, zikatoka wizarani zikaenda ubalozini, na ubalozi ukauandikia mji mkuu. Siku moja nilipata nakala ya waraka ambamo waziri wa nchi moja alimwandikia waziri wa nchi nyingine kuhusu suala la uhai wa wastaafu wa mashamba.

Nilikuwa napepeta mchele uani. Niliuweka ungo chini. Baba alikuwa amesinzia kwenye kiti chake, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, na tumbo lake likipanda na kushuka chini ya sweta niliyomfulia mwenyewe. Pumzi ile, ambayo mimi niliisikia kila siku kupitia ukuta wa mbao na kuikasirikia kwa sababu ilikoroma, ilikuwa inajadiliwa na watu wenye magari ya bendera. Nilisisimkwa mwili. Kanisani nimewahi kusisimkwa hivyo, wakati wa komunyo watu wote wanaponyamaza, lakini uani kwangu, mbele ya ungo wa mchele, ilikuwa mara ya kwanza. Sikujua kama ni fahari au ni hofu. Nilikaa tu nikimwangalia mpaka alipoamka na kuuliza chakula.

Shida ilikuwa hii, na naieleza kama nilivyoielewa. Afisa wa ubalozi wa nchi ile angeweza kufika Kamembe, ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Rwanda, bila kumwomba ruhusa mtu yeyote wa kwetu. Kuvuka daraja asingeweza, kwa sababu upande wetu angegongewa muhuri wa walioshika mji kwenye pasipoti, na mji mkuu ulikwisha kuonya kwamba muhuri huo ni utambuzi. Wazee nao wangeweza kuvuka. Watu wanavuka kila siku kutafuta benki na unga. Lakini karatasi ya kuvukia ingekuwa na muhuri uleule, na mzee akifika nayo mbele ya afisa kila kitu kingeharibika. Video hawakuitaka. Baada ya wale njiwa hawakuamini tena picha yoyote kutoka kwetu.

Mwaka ulikuwa unaelekea ukingoni. Dawa za presha za baba nilizinunua kwa kuuza vitenge vyangu, na sikumwambia, naye hakuuliza kwa nini navaa kilekile. Kilichomkosesha raha si dawa. Alinitajia mara moja tu, jioni tukiwa tunachambua maharage.

"Nikikufa kweli, nitakufa. Ile haiko shida. Lakini kukufa ku makaratasi wakati nikingali ninakula, mama, ile nitaikatala."

Kisha siku moja ubalozi ukaniandikia mstari mmoja. Waliuliza: Ruzizi ina upana gani pale inapotoka ziwani?

Nilidhani ni mzaha wa mtu aliyechoka kazini. Nilitaka kujibu kwa hasira, maana hasira yangu haiko mbali, lakini mwishowe nikajibu ukweli. Niliandika kwamba pale mto ni mwembamba, na kwamba akina mama wanaofua ukingo huu wanasalimiana na wanaofua ukingo ule, wanaulizana habari za watoto bila kupaza sauti sana. Hawakujibu kwa muda mrefu. Nikajua wametucheka.

Kumbe walikuwa wanakubaliana. Afisa angesimama kwenye ukingo wa ng'ambo, wazee wangesimama kwenye ukingo wetu. Jina likiitwa kwenye simu, mwenye jina angejionyesha, na afisa angeandika kwamba amemwona kwa macho yake mwenyewe. Jicho halihitaji muhuri. Mji mkuu ulikubali, mradi kusiwe na bendera. Walioshika mji walikubali, mradi isiitwe mkutano. Nchi yenye mfuko ilikubali, mradi upande wetu asiwepo mtu atakayetia saini chochote, na ikasimamisha sheria yake ya mwisho wa mwaka kwa majina yote yatakayoitwa.

Nilizisoma barua hizo kwa wazee moja baada ya nyingine. Watu hao hawakuwa wamekubaliana juu ya jambo hata moja, si vita, si mipaka, hata jina la kuitana hawakulikubali. Na sasa wote watatu walikuwa wamekubali kwamba wazee wa mashamba ya chai watasimama ukingoni mwa mto na kutazamwa. Mzee mmoja alianza wimbo wa kanisa, wenzake wakaupokea, na mimi nikaimba nao ingawa siku hizo sikuwa naimba.

Tonton hakuifikia siku hiyo. Kifua kilimbana, kwenye kituo cha afya cha Nyangezi dawa zilikuwa zimekwisha, na alipoletewa nyingine kutoka mjini alikuwa hawezi tena kumeza. Tulikwenda kumzika. Njiani tulisimamishwa kwenye vizuizi, tukashuka, tukapekuliwa na mashada yetu ya maua, tukapanda tena. Alizikwa nyuma ya nyumba yake, penye migomba. Picha yake yenye njiwa ilisimama mbele ya jeneza, ikifanya kazi aliyoikusudia mpiga picha tangu mwanzo, na kola ilionekana vizuri. Baba alikaa karibu na kaburi kwenye kiti walichomletea, akambishia rafiki yake kwa sauti ndogo mpaka tulipomwinua. Sikusikia ubishi ulihusu nini.

Cheti cha kifo hakikutafutwa. Hakuna aliyejua kingegongwa muhuri wa nani.

Wazee walipokutana tena uani, mmoja wao aliyekuwa dereva wa lori la kiwanda, naye mrefu, alisema jambo ambalo nadhani kila mtu alikuwa amekwisha kulifikiria.

"Tutaitwa kwa majina, na kule bo batakuwa mbali. Bataona urefu na koti, basi. Mi nitasimama mara mbili."

Watu wakatazamana. Niliunga mkono, tena kwa kelele. Nilisema pesa ile ni jasho la marehemu, kwamba mjane hana chochote, kwamba waliotufikisha hapa na mihuri yao hawana haki ya kutudai unyofu. Ningelisema hivyo leo pia. Wengi wakatikisa kichwa kukubali. Baba alingoja nimalize.

"Ile jambo haiko ya shiye," akasema, akituonyesha sote kwa fimbo. "Iko ya bibi yake. Aulizwe."

Tulimpelekea ujumbe kwa mtu wa pikipiki. Jibu lililorudi halikusema ndiyo wala hapana. Lilisema tu kwamba mjane mwenyewe atakuja.

Siku yenyewe kulikuwa na jua na upepo mdogo wa ziwani. Tuliteremka taratibu, wengine wakishikana mikono, wengine na fimbo, hadi mahali ambapo akina mama hufulia. Walioshika mji walikuwa wamemtuma mtu wao aliyevaa kiraia. Alikaa juu ya jiwe akila muhindi wa kuchoma.

"Musiogope," alituambia. "Mi siko hapa."

Ng'ambo walionekana watu wawili chini ya mwavuli mkubwa, mwanamume na mwanamke. Mwanamke ndiye aliyekuwa afisa. Alikuwa na darubini shingoni na ubao wa kuandikia mkononi, na alitupungia. Wazee wote wakavua kofia kwa pamoja, kama vile wanamsalimu meneja wa zamani, kisha wakazivaa tena kwa aibu kidogo. Nilimpigia simu, nikaweka sauti ya juu, nikaishika mbele yangu. Maji kati yetu yalikuwa ya kijani, yanakwenda haraka, na nilikuwa nasikia sauti yake mara mbili, kwanza ndogo kutoka ng'ambo, kisha kubwa kutoka mkononi mwangu.

Alianza. Kwa kila mzee alitaja jina, kisha akaagiza kitendo, tofauti kwa kila mtu, ili mmoja asije akapita mara mbili. Huyu avue kofia aiweke kifuani. Huyu ageuke atupe mgongo. Huyu akae chini, asimame. Mimi nilitafsiri, wazee walitii, na baada ya kila mmoja afisa alisema neno moja fupi la Kifaransa, "vu", maana yake ameonwa, akaandika. Akina mama waliokuwa wakifua pande zote mbili waliacha kufua. Walisimama na nguo zinazodondosha maji mikononi, kwao na kwetu, wakatazama. Hawakupiga vigelegele. Palikuwa na ukimya ambao sikuwahi kuusikia mjini kwetu mchana, na ndani yake mzee aliyekausha chai, mzee aliyepogoa kwinini, mzee aliyelinda ghala, kila mmoja alikuwa anatoka mbele kwa zamu yake na kuonekana. Machozi yalinitoka na sikuyafuta kwa sababu mkono mmoja ulishika simu na mwingine fimbo ya baba.

Jina la baba likaitwa.

"Ainue mikono yote miwili," alisema afisa.

Niliutazama mkono wa kushoto. Kisha nikaanza kueleza kwa Kifaransa, haraka haraka, kwamba mkono mmoja, kwamba tangu kiharusi, kwamba anaweza kumwagiza jambo lingine. Upande wa pili niliona darubini imekwisha kuinuliwa. Afisa aliniomba nirudie. Upepo ulikuwa unachukua maneno. Baba akanigusa bega.

"Alisema nini?"

Nikamwambia.

"Basi nyamaza kwanza, mama."

Alijongea mbele hadi viatu vyake vya misa vikaingia kwenye tope. Akaushika mkono wa kushoto kwenye kifundo kwa mkono wa kuume, kama mtu anavyomshika mtoto aliyelala ili asimwamshe, akauinua. Ulipita kifuani, ukapita usoni, ukakwama begani. Akapumua. Akausukuma tena, na ukaenda juu, na yote miwili ikasimama juu ya kofia yake. Miaka yote niliyomvalisha mashati sikujua kwamba mkono ule unaweza kufika pale. Alikaa hivyo bila kuushusha, macho yake ng'ambo. Mtu aliyekuwa hayupo alikuwa amesimama kwenye jiwe lake, ameacha kutafuna.

"Vu," alisema afisa, na akalisema kwa sauti tofauti. "Tafadhali mwambie ashushe. Nimemwona. Nimemwona vizuri sana."

Nilimwambia. Aliushusha kama alivyoupandisha, kwa adabu, akarudi nyuma, akadai fimbo yake. Alikuwa anahema, na uso wake, ile nusu inayoweza, ulikuwa umeng'aa. Nilitaka kumkumbatia, lakini si mtu wa kukumbatiwa mbele za watu. Nilimshika kiwiko tu, nikahisi mapigo yake ya moyo yakienda kwa nguvu chini ya koti.

Nami nikiwa bado nimemshika, likaitwa jina la tonton.

Dereva wa lori akatoka mbele. Alikuwa amebadilisha kofia na kuazima koti la kijivu, na kutoka mbali, nakiri, ungeapa ni yeye. Afisa alikuwa bado hajataja kitendo. Dereva akaanza kuinua mkono kwa hiari yake, na hapo mjane, aliyekuwa nyuma ya wote muda huo wote bila kumsemesha mtu, akaja akasimama mbele yake. Alimfika kifuani tu. Alimshika ule mkono kwa upole akaushusha, akampapasa mara moja kama kumshukuru, kisha akanigeukia.

"Sema kwa simu," akaniambia. "Mwenye ile jina alikufa. Nilimuosha mi mwenyewe, na tulimuzika Nyangezi. Baandike vile."

Nilitafsiri. Ng'ambo niliwaona wale wawili wakisogeleana chini ya mwavuli, wakizungumza, mwanamume akionyesha kidole kwenye karatasi. Wazee walivua kofia, safari hii bila kuambiwa. Mjane alisimama wima, mikono mbele juu ya kitenge cheusi, akiwatazama watu wa ng'ambo kama anavyowatazama wageni wanaochelewa kula.

Afisa aliporudi kwenye simu alianza kwa pole. Alisema anasikitika kwa moyo wake wote. Alisema anamwamini mama. Lakini alichoagizwa ni kuandika anachokiona, na kifo hakukiona. Kifo kinahitaji cheti, na cheti kinahitaji muhuri wa mamlaka inayotambulika. Mpaka hapo, mzee huyo asingeweza kuandikwa kuwa amekufa, na mke wake asingeweza kuandikwa kuwa mjane. Jina lake lingebaki miongoni mwa walio hai ambao bado hawajaonwa.

Nilimtafsiria mama yote, polepole, nikichagua maneno. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akayatazama maji.

"Kwabo iko muzima?"

"Ndiyo, maman. Kwenye makaratasi."

"Basi baambie," akasema, "kama kwabo iko muzima, bamurudishe ku nyumba."

Nilitafsiri neno kwa neno, sikuongeza wala sikupunguza. Afisa aliishusha darubini. Simu ilileta sauti ya mto, mto uleule uliokuwa unapita mbele yetu. Kisha akakohoa, akaita jina lililofuata.